Majina Yaliyopishana kwa Herufi Moja

Mwaliko ulinifikia kwa barua pepe siku ya Jumanne, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Ulisema nimechaguliwa kuhudhuria mafunzo ya siku kumi mjini Tabora, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa mtindo wa fanksheni. Chakula juu yao, malazi juu yao, mkufunzi mhadhiri wa chuo kikuu cha ng'ambo. Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu kando, nikaendelea na madaftari. Moyoni nilishakata shauri kwamba ni matapeli.

Sababu ninayo. Miaka miwili nyuma nilipata barua nyingine, hiyo ilikuwa na muhuri kabisa, ikiniita kwenye semina ya walimu wa hisabati pale Nzega. Nilituma nakala za vyeti vyangu kama nilivyoagizwa, nikapanda basi la alfajiri kutoka Igunga. Ukumbi niliukuta na kufuli. Mlinzi akaniambia mimi ni wa saba asubuhi ile. Tukakaa kwenye ngazi, walimu saba kila mmoja na begi lake, mpaka adhuhuri, kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza kuondoka. Mpaka leo sijui vyeti vyangu viko mikononi mwa nani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nashtuka hata kwa kamba ya kiatu.

Basi niliwaandikia hao watu wa Tabora, nikawauliza jina langu wamelipata wapi. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa, na wepesi huo nao niliutilia shaka. Walisema wamelipata kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuo cha ualimu. Nikampigia mzee yule. Akathibitisha, akacheka, akaniuliza kama bado ninabishana na vitabu. Nilipokata simu nikawaza: mzee amestaafu, amekaa kijijini, naye si anaweza kudanganywa kama mtu mwingine yeyote?

Mume wangu, ambaye biashara yake ni mpunga na hana subira na mashaka yangu, alinisikiliza jioni ile huku anakula. Akasema, "Nenda. Ukikuta kufuli, rudi."

Nikaenda. Mama mkwe alinifungia matobolwa kwenye mfuko, viazi vikavu vya kutafuna njiani, kana kwamba naenda safari ya zamani ya miguu. Basi lilipita Nzega na sikugeuza shingo kuutazama ule ukumbi.

Tabora sikukuta kufuli. Ilikuwa hosteli ya zamani, majengo marefu yenye baraza na sakafu nyekundu iliyopigwa nta, na darasa moja kubwa lenye projekta. Tulikuwa watu ishirini na kitu, wengi walimu, na vijana wachache waliotoka kumaliza chuo. Mkufunzi alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, Muha wa Kasulu, aliyefundisha ng'ambo miaka mingi. Alivaa sweta wakati sisi tulikuwa tunatafuta kivuli. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alizungumza polepole, kama mtu anayetoa kila neno kwenye sanduku aliloliweka siku nyingi.

Kabla hatujaketi tuligawiwa fomu. Wenzangu walitia sahihi wakiwa wamesimama, wameegemeza karatasi ukutani. Mimi nilivuta kiti nikaisoma. Walitaka namba ya kitambulisho cha taifa. Walitaka kujua kama mtu ni raia wa kuzaliwa au wa tajnisi, yaani aliyeomba uraia akapewa. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, palisema kazi zote zitakazoandikwa wakati wa mafunzo zitakuwa mali ya waandaaji.

Nikanyoosha mkono mbele ya watu wote. Nikauliza kwa nini programu nitakayoiandika mimi iwe mali ya mtu mwingine, na uraia wetu unahusiana nini na fanksheni. Mkufunzi aliichukua fomu, akaisoma kama anaiona kwa mara ya kwanza, akasema hakuiandika yeye, ataulizia. Nikaandika kwenye daftari langu: *hakujibu*.

Nilipokuwa nainama kuandika ndipo nilipomwona mwanamke aliyeketi safu ya nyuma yangu. Alikuwa wa rika langu, amevaa rozari shingoni, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Fomu yake hakuijaza. Aliikunja mara nne, taratibu, akaitia kwenye Biblia, na Biblia akaitia kwenye mkoba.

Yeye ndiye niliyepangiwa kufanya naye kazi, kwani mkufunzi alitugawa wawili wawili. Alikuwa mwalimu kutoka Ulyankulu. Kitanda chake kilikuwa mkabala na changu. Alisema "pole na safari" kwa sauti ya chini, akapiga magoti kusali, akalala. Mimi nilikaa muda nawaza juu ya ile fomu iliyokunjwa. Mtu asiyejaza fomu amekuja na shabaha gani?

Kuhusu masomo yenyewe niseme ukweli, yalinishika. Fanksheni ninaifundisha kidato cha tatu kila mwaka: unaingiza namba, inatoka namba, na ukiingiza ile ile kesho itatoka ile ile ya jana. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujenga programu nzima kwa vitu vya namna hiyo. Programu nilizozijua mimi zilikuwa za kuamrisha: weka hiki hapa, kibadilishe, kibadilishe tena, mpaka hujui tena ndani ya kile chombo mna nini. Mkufunzi alitukataza kubadilisha. Kitu kikishapewa thamani, alisema, kimepewa. Ukitaka kingine, tengeneza kingine. Siku mbili za kwanza nilimwona mtu wa mzaha. Siku ya tatu nilikataa kwenda kula mchana kwa sababu nilikuwa nimebakiza mstari mmoja.

Lakini jicho langu halikumwacha mkufunzi. Kila jioni alipita na flashi kukusanya mazoezi yetu ya siku. Hakula na sisi. Kila ilipofika saa nne asubuhi simu yake iliita, akatoka nje, akasimama mbali karibu na matangi ya maji, kisha akarudi. Mimi na kijana mmoja wa Tura niliyekaa naye meza moja wakati wa chai tulikubaliana kwamba mtu huyu anachuma programu zetu akaziuze. Kijana alisema kwa utani. Mimi sikutania.

Kila wawili waliambiwa wachague tatizo la kazini kwao walitatue. Mimi na mwenzangu tulichagua la shuleni. Kila mwaka tunapata orodha mbili za wanafunzi, moja ya walioandikishwa na moja ya matokeo, na majina hayalingani. Huku limekosewa, kule limekatwa. Mwalimu anakaa siku nzima na rula anashuka mstari kwa mstari. Mimi niliandika fanksheni safi kabisa: unaipa majina mawili, inajibu *ni yeye* au *si yeye*. Herufi zikilingana zote, ni yeye. Zisipolingana, si yeye. Niliiona nzuri kama kigae kipya.

Mwenzangu aliisoma mstari kwa mstari. Akasema haitoshi. Alitaka jibu la tatu: majina yakipishana kwa herufi moja, programu isikatae wala isikubali, imweke mtu huyo pembeni na kuandika *aulizwe*.

Nilimwambia tunaongeza mzigo. Kompyuta kazi yake ni kukata maneno, siyo kutuletea watu wa kuwauliza. Akasema, "Sawa mwalimu, lakini niruhusu niiandike." Nikamruhusu kwa shingo upande. Aliandika siku nzima, akifuta na kuandika, akinong'ona herufi kwa midomo. Nilishangaa ukaidi wa mtu mpole kiasi kile, nikauingiza kwenye hesabu ya mambo niliyomshuku nayo.

Jioni ya siku ya tano nilikuwa natoka kuanua nguo. Barazani nikamwona mwenzangu amesimama na mkufunzi, kompyuta yetu ikiwa wazi juu ya ukuta mfupi. Walikuwa wanaongea lugha nisiyoijua. Mimi ni Msukuma, Kinyamwezi nakishika, ile haikuwa mojawapo. Baadaye nilielewa kwamba yeye alisema Kirundi na mkufunzi alijibu Kiha, na lugha hizo mbili ni ndugu wa damu. Wakati ule nilichoona ni watu wawili wanaoongea chini chini, mkono wa mwanamke ukionyesha kioo cha kompyuta, na ile fomu iliyokunjwa ikiwa imekunjuliwa mkononi mwa mwanamume. Waliponiona wakanyamaza. Yule mwenzangu akafunga kompyuta.

Asubuhi yake mkufunzi aliwasha projekta, na fanksheni iliyotokea ukutani ilikuwa yetu. Hapakuwa na jina la mtu, ila niliijua kwa lile neno *aulizwe*. Kazi hiyo ya wawili haikuwa ya kukusanywa jioni, na hatukuwa tumeikabidhi bado. Tulikuwa tumekubaliana kuikabidhi Jumatatu. Mkufunzi aliisifu. Akasema huu ndio uandishi wa mtu mzima, mtu anayejua kwamba hajui. Sikusikia mengine.

Wakati wa chai nilirudi darasani peke yangu. Nikahamishia kila kitu kwenye flashi yangu, nikafuta kilichobaki kwenye mashine ya pamoja, nikaweka nywila mpya. Daftari la kazi nikalifungia kwenye begi. Mwenzangu alipoketi na kuigusa kompyuta, ikamkatalia. Alijaribu mara tatu. Kisha akanigeukia, akasubiri. Nikajifanya nasoma.

Hakusema lolote mpaka darasa lilipokwisha saa tisa. Watu walitoka. Yeye alibaki ameketi, mikono juu ya mapaja.

"Mwalimu," akasema, "nimekosa nini?"

Nikamwambia bila kuzunguka. Nilisema nilimwona barazani. Nilisema kazi ni yetu wawili, ameitoa bila kuniuliza, kwa mtu ambaye fomu yake inasema kila tunachoandika ni mali yake. Nikaongeza, na hapa ndipo ninapojutia, kwamba mtu anayeficha fomu ana jambo.

Aliufungua mkoba. Akatoa Biblia, na kutoka humo akatoa karatasi mbili zilizowekwa ndani ya nailoni. Akazilaza mezani mbele yangu, moja kando ya nyingine. Moja ilikuwa cheti chake cha ualimu. Nyingine ilikuwa cheti cha uraia. Jina lilikuwa lile lile, isipokuwa mahali ambapo cheti kimoja kiliandika *r*, kingine kiliandika *l*.

"Karani mmoja alisikia hivi, mwingine akasikia vile," akasema. "Wazazi wangu walikimbia kutoka Burundi, mimi nimezaliwa Ulyankulu. Nimesoma Ulyankulu. Kila nikipewa fomu ya kuandika jina, sijui niandike lipi. Nikiandika hili, wananiambia cheti kile si changu. Nikiandika lile, wananiambia hiki si changu. Nilimwomba mkufunzi nisiijaze. Akaniuliza kwa nini. Kulieleza jambo hili kwa mdomo nimechoka, mwalimu. Nikamwonyesha programu."

Nilizitazama zile karatasi. Kwenye mikunjo nailoni ilikuwa imepauka kwa kufunguliwa mara nyingi.

"Nilipaswa kukuuliza kwanza," akasema. "Hilo ni kosa langu, nimekubali. Lakini ulivyoniangalia tangu siku ya kwanza, mimi nakujua kuangaliwa kule. Nilisema labda kwa walimu wenzangu kutakuwa na nafuu."

Nilimwomba radhi. Nilimwita dada, nikamwambia nimemkosea. Alirudisha vyeti ndani ya nailoni, nailoni ndani ya Biblia. Akasema, "Yamekwisha," kwa namna ambayo watu wazima husema wanapotaka mazungumzo yaishe, si lazima jambo lenyewe. Nikamwandikia ile nywila kwenye kipande cha karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili.

Jumapili hapakuwa na masomo. Yeye alikwenda misa ya kwanza. Baadaye kikundi chetu kilitembea kwa miguu kuelekea Kwihara, kwenye njia waliyopita wachukuzi wa misafara wakitoka pwani kwenda Ujiji. Kijana wa Tura alikuwa anaeleza mambo ya pembe na ya watumwa, wengine wanapiga picha. Mimi nilitembea nyuma na mwenzangu, nikitafuta neno la kuanzia. Nikamgawia matobolwa. Alitafuna, akasema kwao wanayapika kwa namna nyingine. Tukazungumza viazi mpaka tuliporudi. Sikuthubutu kuuliza zaidi, na nadhani alishukuru.

Jumatatu mkufunzi alianza kwa kutoa fomu mpya. Ule mstari wa mali ya waandaaji ulikuwa umeondolewa, na swali la uraia pia. Alisema mbele ya wote kwamba aliwaandikia wahusika baada ya mwalimu mmoja kuuliza, na wakakiri kwamba fomu ilinakiliwa kutoka mafunzo mengine bila mtu kuisoma. Hakunitaja, ila watu waligeuka. Nilipaswa kufurahi. Nilimtazama mwenzangu anavyoandika jina lake kwenye fomu ile, herufi moja moja, na furaha haikunijia yote.

Kisha mkufunzi akatueleza kwa nini alikuwa anakusanya mazoezi yetu jioni. Alikuwa na programu nyingine ambayo kazi yake ni kushuku. Inazichukua fanksheni zetu na kuzitupia vitu vya ajabu kwa mamia: alama hasi, darasa lisilo na mwanafunzi, jina lisilo na herufi hata moja, mpaka ipate mahali zinapoanguka. Tulikaa tukaitazama inavyoziangusha moja baada ya nyingine, na kila ilipoanguka mtu aliguna kama amechomwa mwiba. Kijana wa Tura alianguka kwenye sifuri.

Ilipofika zamu yetu, mkufunzi aliendesha zote mbili, ile niliyoiandika mimi mwanzo na ile ya mwenzangu. Miongoni mwa majina tuliyotupiwa walikuwemo mapacha, watu wawili tofauti kweli, majina yao yamepishana herufi moja tu, na karani wa kubuni amewakosea wote wawili. Yangu ilijibu *si yeye* kwa wote wawili, ikawafuta. Wanafunzi wawili wakatoweka kwenye orodha kana kwamba hawakuwahi kukaa darasani. Ya mwenzangu iliwaweka pembeni, ikaandika *aulizwe*, *aulizwe*.

Niliona watoto ambao majina yao nimewahi kuyapitishia rula. Katika miaka kumi na moja ya kazi, wangapi niliandika mbele ya majina yao kwamba hawapo? Swali hilo sina jibu lake, na ni afadhali niseme hivyo kuliko kujipa moyo.

Siku ya mwisho tuligawiwa vyeti vya mahudhurio. Wengine walivipiga picha papo hapo. Mwenzangu alikisimamisha cheti chake kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma jina kwa kidole, akaenda mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akavuta pumzi na kunitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba kiko sawa. Kuhusu zile simu za mkufunzi za saa nne, sikujua zilikuwa za nani na mpaka leo sijui. Huenda mtu alikuwa anaongea na mkewe tu.

Niliporudi shuleni kwangu niliitumia programu yetu kwenye orodha za kidato cha nne. Iliniletea wanafunzi tisa wa kuulizwa. Niliwaita mmoja mmoja, nikawauliza jina lako unaliandikaje, nikasubiri wajibu. Wawili walikuwa na vyeti vya kuzaliwa vyenye makosa ambayo wazazi hawakuyajua. Mkuu wa shule alilalamika kwamba nachelewesha orodha. Nilimwambia orodha itachelewa.

Nilimwandikia mwenzangu habari hizo. Alijibu kwa ufupi, kwa adabu, na kila mara aliniambia niwasalimie watoto. Likizo ya Desemba nilipanda gari kutoka Tabora mjini nikaenda Ulyankulu kumtembelea. Barabara ilikuwa ya matope na msitu umestawi pande zote mbili. Alinipokea vizuri. Alinionyesha shule yake, shamba lake la tumbaku lililoanza kuota, na barua kutoka wilayani iliyosema suala la jina lake linashughulikiwa. Barua ilikuwa na muhuri. Niliutazama ule muhuri kwa muda, kwa mazoea yangu, kisha nikaikunja barua nikamrudishia.

Mama yake alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage. Ni mama mzee, Kiswahili chake kidogo. Nilipiga goti nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni kwa makini, kisha akamgeukia bintiye na kumwuliza jambo kwa Kirundi. Safari hii nililikisia swali lenyewe. Aliuliza mimi ni nani.

Mwenzangu alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Akajibu kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Ni mwalimu mwenzangu," akasema. "Tulisoma pamoja Tabora."

Hakusema rafiki. Mama akasogeza ungo, akanionyesha kigoda. Nikaketi, nikaanza kuchambua maharage upande wangu.